Haja ya Mwajiri na Haja ya Watu



Malalamiko mawili husikika kila siku katika nchi yetu, na kila moja humpinga mwenziwe. La kwanza ni la waajiri, kwamba vijana watokao vyuo vikuu hawajui kazi. Wana vyeti vizuri, lakini ukimpa mmoja wao barua aiandike au hesabu aifunge, utaifanya mwenyewe tena. La pili ni la vijana na wazazi wao, kwamba kazi hakuna, na ile iliyopo ina mwenyewe tangu kabla haijatangazwa. Watu wenye busara wamesimama katikati wakasema: dawa ni kuulinganisha ujuzi wa wahitimu na haja za waajiri. Kijana afundishwe kile kitakiwacho, naye atachukuliwa. Maneno haya yana ukweli ndani yake, wala sina ugomvi nayo. Lakini kabla hatujayakubali yote yafaa tuulize: huyo mwenye haja ni nani?

Nataka tulitazame swali hili tukiwa tumekaa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwani sidhani kuna sehemu nyingi za Tanzania ambako elimu imepewa heshima ya namna ile. Watani wa Wahaya huwaita "nshomile", neno la Kihaya lenye maana ya "nimesoma". Ni utani, na wenyewe huucheka. Lakini neno lina asili yake. Shule za Kahororo, Ihungo, Nyakato na Rugambwa zimetoa makatibu, waganga, mahakimu na maprofesa kwa miaka mingi. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipozivunja Ihungo na Nyakato, wazee waliosoma humo walizungumza kama watu waliofiwa. Na hata leo yuko mzazi ambaye yu tayari kuuza kipande cha kibanja chake, migomba na yote, ili mtoto amalize chuo.

Mpwa wangu mmoja ni mtoto wa dada yangu aliyeolewa upande wa Kamachumu, wilayani Muleba. Mwaka 2020 alimaliza shahada ya uhasibu, akarudi nyumbani na cheti ndani ya bahasha. Aliomba kazi mahali pengi, na mengi ya maombi yale hayakujibiwa. Mwishoni mwa mwaka 2021, kahawa ikiwa katika maua, alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Habari za huko?"

"Njema. Mjomba, nimepata kazi. Lakini nataka unishauri kabla sijajibu."

Mwajiri alikuwa mnunuzi mmoja wa kahawa. Alitaka kijana aliyesomea hesabu, mwaminifu, asiyekunywa pombe, mwenye kuijua lugha ya wenyeji. Mshahara ulikuwa mzuri, tena mwezi haukupita bila kulipwa. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika daftari la butura.

Asiye mtu wa Kagera huenda hajui butura ni nini. Mkulima ana kahawa iliyotoa maua tu, na mavuno yatakuja Mei au Juni. Ada ya shule inatakiwa Januari, na mgonjwa hangoji mavuno. Basi humwendea mwenye fedha, naye huinunua kahawa ile ingali maua, kwa bei aitakayo yeye. Ukifika msimu, mkulima huichuma na kuianika katika ua wake mwenyewe, hali ajua kwamba si yake. Serikali imeipiga marufuku biashara hii mara nyingi. Sheria ya Kiislamu nayo iliwakataza watu tangu zamani kuuza matunda kabla haijadhihirika kwamba yatafaa, na hekima ya katazo hilo huielewa upesi yeyote aliyeutazama uso wa mkulima huyo mwezi wa Juni. Pamoja na hayo butura haijafa, maana shida iliyoizaa haijafa.

Sasa tazama, msomaji. Hapa kila kitu kimelingana. Chuo kilimfundisha kijana kupiga hesabu za madeni na faida, na mwajiri anahitaji hesabu za madeni na faida. Laiti wale wapimao ulinganifu wa elimu na ajira wangefika Kamachumu siku ile, wangemwandika mpwa wangu katika safu ya waliofanikiwa. Na wale ambao majina yao yangejaa katika daftari lile, nao walimhitaji mno mtu wa kuwapigia hesabu iyo hiyo: kwamba ukiuza debe hili kama maua utapata kiasi hiki, na ukivumilia miezi saba utapata kiasi hiki, na ada unaweza kuikopa mahali fulani kwa masharti fulani. Ujuzi ni ule ule. Ila mmoja ana mshahara wa kutoa, na wengine hawana. Je, haja ya hao wengine si haja?

Jambo hili si geni. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliligusa katika Ihya, kwenye kitabu cha elimu. Aliwaona wanafunzi wa zama zake wakisongamana katika fikihi na mabishano yake, ilhali kuna miji isiyo na tabibu hata mmoja ila asiye Mwislamu. Utabibu ni fardhi kifaya, yaani wajibu ulio juu ya jamii nzima: wakiusimamia wa kutosha, wengine wamesalimika, asiposimama hata mmoja, dhambi ni ya wote. Fikihi ya mabishano nayo, kwa kadiri inavyohitajika, haizidi daraja hiyo. Kwa nini basi wote waikimbilie hii na kuiacha ile? Jibu lake lilikuwa kali. Alisema kwamba utabibu haumfikishi mtu kwenye usimamizi wa wakfu na mali za mayatima, wala kwenye ukadhi na kuwapita wenzake kwa cheo. Ukiyafikiri maneno yale utaona kwamba wanafunzi wa Ghazali walikuwa wamelingana vizuri kabisa na soko lao. Watawala na wenye mali walitaka mafakihi, wakawapata. Mgonjwa hakuwa na cheo cha kumpa mtu.

Kwa sadfa, chuo kikuu chetu cha kwanza kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961 kilianza na kitivo cha sheria peke yake. Sisemi hivi kwa kulaumu, kwani wakati ule wanasheria Waafrika nchini walihesabika kwa vidole. Nataka kukumbusha tu kwamba siku zile mwenye haja alijulikana: ni serikali, kwa niaba ya wananchi. Mhitimu hakuzunguka na bahasha, alipangiwa kazi. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi kwa sehemu tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza wapatao 400, kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ugomvi ule haukuwa wa shilingi tu. Ulikuwa juu ya swali letu hili: msomi anadaiwa na nani? Mwalimu aliwajibu kwamba anadaiwa na mkulima aliyemlipia. Mwaka uliofuata ikaja Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka kijana aonje kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu.

Wala nisieleweke kuwa nazitamani siku zile kwa kila kitu. Serikali ile ile iliyosema kwa niaba ya mkulima ndiyo iliyovifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na wakulima wa kahawa wa Bukoba wakakipoteza chombo walichokijenga kwa mikono yao, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Mwenye kusema "najua haja za watu" huweza kukosea kama mwenye duka anavyokosea, na akikosea yeye hasara huwa kubwa zaidi.

Leo deni la msomi lina namba na tarehe. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na anayeajiriwa baada ya kusoma kwa mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Ni haki, aliyekopa alipe. Lakini angalia lilivyogeuka wazo lenyewe. Kijana akisha kulipa shilingi ya mwisho hujiona hadaiwi tena na mtu. Na yule mkulima wa Muleba ambaye chama chake kikuu, KCU, kilijenga shule za sekondari kwa kahawa yake, hamo katika hesabu. Hakukopesha kwa karatasi.

Turudi kwa waajiri, kwa kuwa insafu yataka wasikilizwe. Mwaka 2014 magazeti yalitangaza matokeo ya uchunguzi wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, kwamba asilimia 61 ya wahitimu wa Tanzania hawakuonekana kuwa na ujuzi unaotakiwa kazini. Mwezi Juni mwaka huo huo, Idara ya Uhamiaji iliwaita waombaji kwenye usaili wa nafasi 70, wakaja zaidi ya 10,000, hata ikabidi wakusanywe katika Uwanja wa Taifa. Na mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, waliomba zaidi ya watu 135,000. Ziweke habari hizi pamoja. Tuseme Mwenyezi Mungu angewajaalia wote wa uwanjani ujuzi kamili asubuhi ile. Nafasi zingebaki 70. Basi anayemwambia kijana kwamba hakupata kazi kwa sababu ya upungufu wake mwenyewe, pengine anamwambia kweli kuhusu mtu mmoja, lakini anawadhulumu elfu.

Hata hivyo upungufu upo, na haufai kufichwa. Katika Qur'ani kuna kisa cha Nabii Musa alipofika Madyan akiwa mkimbizi. Binti wa yule mzee alimshauri babake amwajiri, akataja sifa mbili za mtu bora wa kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Wafasiri husema nguvu ni uwezo wa kazi yenyewe, nao hutofautiana baina ya kazi na kazi. Uwezo huo chuo chaweza kuufundisha, na pale kiliposhindwa, mwajiri aweza kuumalizia kwa miezi michache akiwa na subira. Uaminifu ndio mgumu. Ukikaa na wenye maduka na wenye shule za Bukoba mjini, malalamiko yao mengi si kwamba kijana hajui mashine. Ni kwamba alichelewa akasema uongo, au alipokea fedha asiandike. Hayo hayaponywi kwa kubadili mitaala. Na uaminifu unamdai mwajiri vile vile. Anayetangaza kazi ilhali amekwisha kuiweka mkononi mwa shemeji yake ameikosa sifa ya pili, na vijana 200 waliotoa nauli zao kuja kwenye usaili wana haki juu yake.

Tena kuna hatari ya kumchonga mtu kwa kipimo cha mwajiri mmoja. Huko Kemondo, kati ya Bukoba na Muleba, mabaki yaliyochimbwa ardhini yameonyesha kwamba watu waliyeyusha chuma kiasi cha miaka 2,000 iliyopita, kwa tanuri za ustadi mkubwa. Habari hizo ziliandikwa na mtaalamu wa Kimarekani, Peter Schmidt, pamoja na mwenzake, mwaka 1978. Katika miaka ya 1970 wazee wachache wa Kihaya waliijenga tena tanuri moja kutokana na kumbukumbu za ujana wao. Walikuwa wameiacha kazi ile zamani, kwa kuwa majembe na chuma cha Ulaya viliingia kwa bei rahisi. Ujuzi ule ulilingana barabara na haja, mpaka siku haja ilipohama. Aliyefundishwa jambo moja kwa ajili ya mnunuzi mmoja husimama au huanguka pamoja na mnunuzi huyo, na hayo wanayajua vizuri vijana waliozoea kazi za viwanda vya sangara kando ya Ziwa Victoria, samaki walipopungua.

Na sasa nitaje haja moja iliyo kubwa kuliko zote nilizoziona kule, ambayo haijawahi kutangazwa gazetini kama nafasi ya kazi. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na kufikia mwaka 2006 ulikuwa umekwisha kuingia Muleba. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukiikata huoza ndani. Nyumba ya Mhaya isiyo na migomba haina chakula, haina kivuli, na karibu niseme haina jina. Dawa ya kunyunyiza hakuna. Lakini njia ya kuuzuia inajulikana, nayo ni nyepesi mno: lile ua jekundu lining'inialo chini ya mkungu livunjwe mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, panga lililogusa mgomba mgonjwa lipitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine, mgomba uliougua ung'olewe. Hiyo ndiyo elimu yote. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku wanaijua, mabwana shamba wanaijua. Kinachotakiwa ni mtu wa kwenda kibanja hadi kibanja, kukaa na bibi kizee mpaka akubali kung'oa mgomba aliopandiwa na marehemu mumewe, kisha kurudi tena mwezi ujao kuona kama amefanya. Mabwana shamba ni wachache na vijiji ni vingi. Na katika vijiji hivyo hivyo wamo vijana wenye shahada, wamekaa barazani wakitazama simu zao wakingoja kuitwa.

Najua jibu la msomaji: fardhi kifaya hailiwi. Ni kweli. Kumwambia kijana atumikie kijiji bure, huku mama yake amekwisha kuuza kibanja kwa ajili yake, ni ukatili uliovaa kanzu. Wala sipendezwi na wanaowahubiria vijana "jiajirini" kana kwamba ardhi na mtaji vinaokotwa. Wengi wa wahubiri hao hupokea mshahara tarehe 25 kila mwezi. Vibanja vimegawanywa mara nyingi mno, baba kwa mwana, hata vingine havitoshi kulisha nyumba. Swali basi si la kijana peke yake. Ni la sisi sote: haja isiyo na mfuko itapewaje mfuko?

Waliotutangulia walikuwa na njia zao. Katika miji ya pwani yetu, kisima, madrasa na taa ya msikiti vilitunzwa kwa wakfu: mtu aliacha shamba la minazi au nyumba ya kupangisha, na pato lake likamlipa fundi na mwalimu ambao wanafunzi hawakuweza kuwalipa. Leo halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Je, kikundi cha vijana wenye shahada hakiwezi kukopeshwa kwa kazi ya kulinda migomba ya kata nzima, wenye vibanja wakalipa kidogo kidogo baada ya mavuno? Na vyama vya msingi, ambavyo tangu mwaka 2018 vimetakiwa kuwa mlango wa kahawa yote ya mkulima, mahesabu yake mara nyingi huandikwa na watu wasiojua kuyaandika, na hapo ndipo fedha hupotelea. Chama kinachomlipa mhasibu hujiona kimetumia. Hakihesabu kilichookoka.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimepangiwa kuwa na kampasi mkoani Kagera, katika ule mradi wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Moja ya nia za mradi huo ni hii tunayoizungumza, kwamba masomo yalingane na mahitaji ya kazi, na vyuo vimetakiwa viwe na kamati za ushauri ambamo watu wa viwanda watasema wanataka nini. Ni jambo jema. Ila napenda kujua kama katika kamati itakayokaa Bukoba atawekewa kiti mwanamke wa Kamachumu mwenye migomba 200 na kahawa iliyouzwa ingali maua. Yeye pia ana anachokitaka, tena anaweza kukieleza vizuri.

Nilimshauri mpwa wangu asiichukue ile kazi. Ilikuwa rahisi kwangu kusema hivyo, maana nina pensheni. Aliniheshimu, akakataa, na dada yangu hakusema nami kwa muda wa mwezi mzima. Yule mnunuzi hakupata tabu yoyote. Wiki haikwisha alikuwa amempata mhitimu mwingine, kijana mzuri, ambaye simlaumu. Mpwa wangu, baada ya kukaa bure miezi kadhaa, alianza kuwaandikia wazee wa chama cha msingi daftari lao wakati wa msimu. Humpa posho ndogo, na mara kwa mara mkungu wa ndizi. Katika mwezi wa kwanza aligundua magunia yaliyopokelewa bila kuandikwa, akafanya maadui wawili.

Agosti 2022 ilikuwa Sensa. Karani alipofika nyumbani kwa dada yangu, kijana alikuwa penye mzani tangu alfajiri. Karani akauliza habari za kila mtu wa nyumba ile: umri, elimu, kazi. Alipofika kwa huyu mwenye shahada, dada yangu alimjibu kwamba hana kazi, bado anangoja. Karani akaandika.